Pembetatu za Kitopeni

Nchi ninayoisimulia haimo katika ramani yoyote. Ukiikuta katika ramani yako, ujue ramani hiyo ilichapwa vibaya, irudishe dukani. Mimi mwenyewe sikuwahi kufika huko. Nimehadithiwa na watu wenye heshima zao, ambao wote waliniomba nisiwataje majina, na hilo peke yake linaonyesha jinsi watu wa nchi hiyo wasivyopenda makuu.

Walikuwa na wizara zote ambazo nchi hupaswa kuwa nazo, ya maji, ya elimu, ya afya, lakini iliyokuwa na jengo lenye lifti inayopanda na kushuka ilikuwa moja tu: Wizara ya Mwonekano. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba nchi inaonekana. Inaonekana na nani, hilo halikuandikwa popote, kwa sababu kila mtu alilijua.

Mtu mmoja, jina lake Sikudhani Chilumba, hakuwa na mpango wowote wa kufanya kazi huko. Alikuwa fundi wa picha za kompyuta, mwanamke wa miaka thelathini na minne, mwembamba, mwenye mazoea ya kufumba jicho moja anapowaza. Alikuwa anaishi na baba yake katika mtaa wa Kitopeni, bondeni, chini ya kilima cha Ikulu. Mwaka mmoja baba yake, Mzee Chilumba, alilazwa hospitali miezi minne kwa ajili ya mguu, na kitanda alichopewa kilitazama ukuta. Ukuta wenyewe ulikuwa na rangi ya uji uliolala. Mzee huyo maisha yake yote alikuwa mchora mabango ya saluni, bucha na gereji, mtu aliyezoea kutazama kila kitu na kukitolea kasoro.

"Siku, mwanangu," alimwambia binti yake, "mguu huu hauniui. Kitakachoniua ni huu ukuta."

Basi Sikudhani akamtengenezea dirisha. Alichukua skrini kuukuu, akafunga kamera ndogo mbili pembeni mwake, na kamera nyingine akazipandisha juu ya paa la hospitali. Za paani zilitazama mji. Zile mbili za pembeni zilimtazama mzee, zikifuata macho yake yalipo, na kompyuta ikachora upya mandhari yote mara sitini kwa kila sekunde kulingana na macho hayo. Picha ya kawaida, wewe ukisogea, yenyewe inabaki imeganda palepale. Hii haikuwa hivyo. Mzee akisogeza kichwa kushoto aliona kilichojificha nyuma ya mti. Akijiinua kwenye mto aliona mpaka barabara ya pili. Alitazama siku nzima bila kusema neno. Jioni akasema bango la bucha lile la ng'ambo limeandikwa vibaya, na wote wodini wakajua kwamba mzee atapona.

Alipona kweli, akarudi nyumbani. Skrini ikapelekwa kwenye Maonyesho ya Taifa ya Uvumbuzi, na huko ndiko Waziri wa Mwonekano alikoikuta.

Waziri aliitwa Profesa Kilemile. Alikuwa profesa wa somo ambalo hakuna aliyewahi kuthubutu kuuliza ni lipi. Alisimama mbele ya skrini, akapinda kushoto, akapinda kulia, akachuchumaa na suti yake, na msafara wote ukachuchumaa.

"Hili ni dirisha?" aliuliza.

"Ni kama dirisha, Mheshimiwa."

"Linaonyesha kilichopo nje?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Na kama kilichopo nje hakipendezi?"

Sikudhani alijibu kama fundi anavyojibu swali la ufundi. "Kompyuta inaweza kuchora chochote," alisema.

Kwa maneno hayo manne hakuuona mlango wa nyumba yao tena.

*

Uvumbuzi ulipokelewa kwa heshima zote. Kulikuwa na fomu yenye maswali thelathini na mawili, na karani wa bohari, aliyekuwa mwangalifu kuliko makarani wote wa wizara, akaijaza kwa mwandiko mzuri. Swali la kumi na saba liliuliza: mtambo una vipande vingapi? Akaandika: skrini, kamera, kompyuta, nyaya, na mtu mmoja anayejua unavyofanya kazi. Kila kipande kikabandikwa namba. Sikudhani akawa kifaa namba tano.

Alidhani ni mzaha mpaka siku ya kwanza alipotaka kutoka kwenda nyumbani. Langoni alikuwepo Koplo Mang'enya, mtu mpole mwenye tumbo na daftari.

"Hati ya kutoa kifaa iko wapi?" aliuliza Koplo.

"Sitoi kifaa chochote, Afande. Naenda kwetu."

"Dada Siku, mimi sina ubaya na wewe. Ungekuwa mtu, ningekufungulia sasa hivi."

"Mimi si mtu?"

Koplo alimtazama juu mpaka chini, kwa huruma ya kweli. "Kwa kukutazama, ni mtu kabisa. Kwa daftari, ni namba tano. Na hapa langoni nimepewa daftari."

Hati ilipatikana kwa sharti moja: kifaa kinachotoka lazima kiletewe mbadala wake unaofanya kazi ileile. Kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine aliyejua kazi hiyo, na aliyeweza kumfundisha mtu mwingine alikuwa Sikudhani peke yake, na kufundisha siri ya mtambo kulikuwa ni uhaini, jambo hilo likawekwa kwenye mpango wa muda mrefu.

Madirisha ishirini na mawili ya Ikulu yakazibwa kwa matofali, na mahali pake zikawekwa skrini kubwa zenye kamera za pembeni, na kamera nyingine zikapandishwa paani kuutazama mji. Kiongozi wa nchi, ambaye wote walimwita Mtukufu, alielezwa kwamba vioo vimebadilishwa kwa sababu za kiafya. Wala hakudanganywa, kwa maana afya ya watu wengi ilitegemea jambo hilo. Nyuma ya ukuta wa sebule yake kikajengwa chumba chembamba, kirefu kama korido, kisicho na dirisha la aina yoyote, la kweli wala la kuchorwa. Humo zikawekwa kompyuta, kitanda cha chuma, simu ya ukutani ambayo aliruhusiwa kuitumia mara moja kwa siku, na Sikudhani. Chakula kiliingizwa kwa kijidirisha cha mlangoni. Alipokilalamikia chumba kwamba kinafanana na jela, aliambiwa kwamba jela za nchi hiyo hazina kiyoyozi. Cha humo kilikuwa cha kompyuta, lakini baridi yake na yeye ilimfikia.

*

Mtukufu alikuwa na desturi. Kila siku saa kumi alasiri aliketi mbele ya dirisha kubwa la sebuleni na chai yake ya tangawizi, akaitazama nchi. Tatizo lilitokea siku ya kwanza. Alipotazama kushoto, kwenye majumba ya mawaziri, picha ilitiririka kama maji. Alipogeuka kulia, kwenye bonde la Kitopeni, picha ilikwama. Ndege mmoja alining'inia hewani muda wote wa kunywa mafunda matatu ya chai.

"Yule ndege amekufa?" aliuliza Mtukufu.

"Hapana, Mtukufu," alisema Profesa Kilemile, aliyekuwa amesimama nyuma ya kiti. "Ametulia kwa heshima."

Kesho yake kikaitishwa kikao cha dharura, na Sikudhani akaletwa kikaoni akiwa amesindikizwa na mtu wa bohari aliyetia saini ya kumwazima.

"Kompyuta haijui nyumba wala mti," alieleza. "Inajua pembetatu tu. Kila kitu kinaundwa kwa vipande vidogo vya pembetatu vilivyounganishwa pamoja kama chandarua. Kitu kikiwa kimenyooka, pembetatu zinakuwa chache. Kikiwa na mikunjo mingi, zinakuwa nyingi, na mtambo unachelewa."

"Nyumba yangu ina ngapi?" aliuliza Waziri.

"Ya kwako ina kuta nyoofu na paa nyoofu, Mheshimiwa. Kama mia mbili, pamoja na bwawa la kuogelea."

"Na ya Kitopeni?"

"Ya Kitopeni ina bati lililokunjamana, viraka, kamba ya nguo, ndoo, majiko, kuku. Nyumba moja inafika elfu arobaini."

Wajumbe wakaguna.

"Kuku ni ngapi?" aliuliza mmoja.

"Kuku mmoja ni elfu nne. Manyoya."

Profesa Kilemile aliinuka taratibu kama mtu aliyeguswa na msiba. "Ndugu wajumbe," alisema, "nimeitumikia nchi hii miaka ishirini na sita. Sikuwahi kuomba chochote. Leo naambiwa kwamba mtu wa Kitopeni, asiye na hata choo cha ndani, anatumia pembetatu za taifa mara mia mbili kuliko mimi! Na kuku wake ananizidi mara ishirini! Huu ni usawa wa aina gani?"

Makofi yakapigwa. Azimio likaandikwa kwamba Kitopeni inaishi nje ya uwezo wake wa pembetatu, na mtambo ukapewa siku tatu kurekebisha hali.

Sikudhani alifanya alichoweza. Alinyoosha mabati, akaondoa kuku, akaanua nguo kwenye kamba. Picha ikaendelea kukwama. Siku ya tatu alipiga simu nyumbani, na baba yake akamwambia mguu umeanza kuvimba tena. Waziri alikuwa amemwahidi ruhusa ya siku moja akiimaliza kazi. Sikudhani alifumba jicho moja, akawaza kidogo, kisha akaifuta Kitopeni yote na kuweka mahali pake uwanda wa majani mabichi, tambarare, wa pembetatu mbili.

Ni kwa wiki moja tu, alijiambia. Nikirudi nitatafuta njia nyingine.

Picha ikatiririka. Waziri akampa mkono, akampongeza, akasahau ruhusa.

*

Mtukufu aliupenda uwanda. Alisogeza kiti karibu zaidi na kioo. "Sikujua kwamba nina uwanda mzuri namna hii," alisema, na sauti yake, kwa wanaoijua, ilikuwa na uchungu kidogo. Aliutazama siku saba. Siku ya nane alisema, "Jumamosi nitashuka pale. Nitavua viatu nitembee kwenye yale majani."

Kikao kilichofuata kilikuwa kigumu. Naibu Waziri alishauri kwamba Mtukufu aambiwe ukweli, na siku hiyohiyo akaugua, na mpaka ninaposimulia hajapona. Profesa Kilemile ndiye aliyeuonyesha mkutano njia.

"Tusibabaike," alisema. "Picha imetazamwa na Mtukufu kwa siku saba, naye hakuona kosa lolote. Je, Kitopeni imetazamwa na Mtukufu? Haikutazamwa. Sasa ndugu wajumbe, kati ya hivyo viwili, kipi kina idhini?"

Wote wakaona kwamba chenye idhini ni picha.

"Basi kosa liko bondeni," alisema Waziri.

Jumatatu mchana simu ya ukutani ililia kabla ya zamu yake. Sikudhani akainyanyua.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Siku, wamekuja maofisa wawili hapa na karatasi. Nakusomea. 'Wewe, mkazi wa eneo lililotajwa, umebainika kuwa ni hitilafu ya mwonekano. Unatakiwa kujiondoa kabla ya Jumamosi saa mbili asubuhi, ili eneo lilingane na hali yake halisi.' Nimewauliza hali halisi ni ipi. Wamenionyesha picha. Ni majani, mwanangu. Majani matupu."

Sikudhani alikaa kitandani. Waya wa simu ukavutika mpaka mwisho.

"Na mchoraji mwenyewe," aliendelea mzee, "sijui ni mvivu gani. Hana hata kivuli kimoja. Mimi nikichora majani, natia vivuli."

"Baba."

"Naam."

"Ni mimi niliyechora."

Upande wa pili ilisikika nyundo. Mtu mmoja huko nyuma alikuwa anaipiga, labda anafungua mabati yake mwenyewe kabla hayajavunjwa.

"Walikulazimisha?" aliuliza mzee.

"Walitaka pembetatu chache. Nilitaka ruhusa nije nikuone mguu."

"Haya," alisema mzee. "Umekula lakini?"

Sikudhani alianza kulia, na mzee akakata simu ili asimsikie. Alijua binti yake hapendi kusikiwa akilia.

Sikudhani alisindikizwa na mtu wa bohari mpaka langoni, akapiga magoti mbele ya Koplo Mang'enya. Koplo naye alipiga magoti, kwa adabu, akamweleza upya habari za daftari. Sikudhani alimwandikia Waziri barua, nayo ikarudishwa na maelezo kwamba vifaa haviandiki barua. Ikabaki njia moja, nayo ilikuwa mbele yake kwenye meza.

Alichokifanya siku zile nne, mafundi wa nchi nyingine wangekipa tuzo. Alikuwa anajua kwamba jicho la mtu huona sawasawa mahali padogo tu, padogo kama kitako cha glasi. Kwingine kote hubahatisha na kujiridhisha. Kamera zilikuwa tayari zinayafuata macho ya Mtukufu. Basi akaifundisha kompyuta ichore kwa ukamilifu pale tu Mtukufu anapotupa jicho, na kwingine iache ukungu. Akihamisha jicho, ukamilifu uhame nalo. Kwa njia hiyo Kitopeni yote, mabati, majiko, kuku na manyoya yao, ingeweza kuingia kwenye mtambo bila ndege kukwama. Njia ilikuwa na kasoro moja. Ilitaka fundi akae macho kwenye meza, arekebishe kila mara jicho lilipokwenda mbio kuliko mtambo. Akiondoka dakika mbili tatu, kila kitu kingeganda.

Ijumaa saa kumi alasiri, Mtukufu alipoketi na chai yake, Sikudhani aliufuta uwanda na kufungulia kamera za paani.

*

Bonde lilijaa watu. Walikuwa wanabeba magodoro, milango, sufuria. Moshi ulipanda. Pembeni yalikuwa yamesimama magari manne ya kubomolea, ya njano, yakisubiri asubuhi. Na mbele kabisa, juu ya jiwe lililokuwa nje ya nyumba yao, alisimama Mzee Chilumba, ameinua fimbo yake kuelekea kilimani, mdomo wazi, anasema jambo.

Mtukufu aliweka kikombe chini. "Profesa. Wale ni nani?"

Nyuma ya ukuta Sikudhani aliendelea kurekebisha picha. Sebuleni Profesa Kilemile alitokwa na jasho lililolowesha tai, kisha akili yake, ambayo haikuwahi kumwangusha, ikaja kumwokoa.

"Mtukufu," alisema, "nilikuwa nangoja siku nzuri ya kukufurahisha. Hili si dirisha. Ni mtambo. Unachora. Hao unaowaona hawapo. Ni maigizo tu ya kompyuta ya kukuburudisha."

Hivyo ndivyo Mtukufu alivyoambiwa kwamba kioo chake ni cha kuchora. Aliambiwa siku ya kwanza kilipoonyesha kilichokuwepo.

Alisogea mpaka pua yake ikakaribia kioo. Alitazama mwanamke aliyebeba kitanda kichwani, akatazama kuku, akamtazama mzee mwenye fimbo.

"Ajabu," alisema. "Ajabu kubwa. Hawa wamechorwa vizuri kuliko watu wenyewe. Uwanda ulikuwa umeanza kunichosha, nilikuwa nashindwa kukwambia. Mtazame yule mzee! Ana hasira gani?"

"Ni mhusika mkuu, Mtukufu."

"Asiondolewe. Nataka nimwone kila siku. Na ile safari ya kesho ahirisha."

Kwa hiyo Kitopeni ikapona. Magari ya njano yaliondoka Jumamosi asubuhi, na watu wakaimba barabarani. Jumatatu zikaja karatasi nyingine. Zilisema kwamba amri ya kubomoa imesitishwa kwa muda wote ambao maonyesho yanaendelea. Zilisema pia kwamba kwa kuwa eneo sasa linaonekana, hakuna ruhusa ya kubadilisha mwonekano wake. Bati lenye tundu libaki na tundu lake. Asiyekuwa na mlango asiweke. Anayetaka kuhama aombe kibali na kuleta mtu wa kufanana naye. Mzee Chilumba, jina lake likiwa limeandikwa kwa herufi nzito, alitakiwa kusimama juu ya jiwe kila siku saa kumi alasiri, mvua au jua, na fimbo.

Simu ya ukutani iling'olewa ili isimsumbue fundi.

Miezi ikapita. Kila alasiri Sikudhani alikuwa akimwona baba yake, ukubwa wa kiganja, kwenye skrini ndogo ya mezani. Alimwona anapochechemea kupanda jiwe. Alimwona mguu ulivyozidi kuvimba, akajaribu kumwandikia mtu yeyote kuhusu daktari, akakumbushwa habari za vifaa. Alimwona ananyanyua fimbo na kufungua mdomo na kusema maneno yaleyale, mafupi, kila siku. Hakuweza kuyasikia. Aliusogelea mdomo ule kwa kamera mpaka ukawa pembetatu tupu, na bado hakuweza kuyasoma. Mwanzoni alidhani mzee anawatukana wakubwa. Halafu akaogopa kwamba anamlaani yeye.

Angeweza kutoroka? Mlango wenye kijidirisha cha chakula ulikuwa na komeo bovu. Alikuwa amelijua tangu mwezi wa pili. Lakini akiondoka picha inaganda, picha ikiganda maonyesho yamekwisha, na maonyesho yakiisha amri ya kubomoa inarudi mezani. Hakuhitaji komeo zima kumfunga.

*

Mtukufu ndiye aliyetaka sauti. "Yule mzee anasema nini?" aliuliza alasiri moja. "Miezi yote hii namwona tu anatikisa mdomo. Kama mtambo unaweza kuchora manyoya ya kuku, unashindwaje kutoa sauti?"

Profesa Kilemile akaandika maneno yenyewe, kurasa tatu, yakianza na shukrani. Mtangazaji mwenye sauti ya kizee akayasoma kwenye kinasa. Spika zikafungwa sebuleni, na kwa ajili ya kuufananisha mdomo na maneno, fundi aliruhusiwa kutegesha kipaza sauti kwenye jiwe la Kitopeni. Aliyekitega alitumwa na wizara. Sikudhani aliupokea waya wake nyuma ya ukuta, akaushika mkononi muda mrefu.

Saa kumi, Mtukufu aliketi. Mawaziri sita walisimama nyuma yake. Bonde likafunguka kiooni, mzee akapanda jiwe kwa shida, akainua fimbo.

Sikudhani alichomoa waya wa kinasa akachomeka wa jiwe.

Upepo uliingia sebuleni kwanza, na kuku, na kikohozi. Kisha sauti ya mtu mzima anayeita kwa nguvu zake zote kuelekea kilimani.

"Sikudhani!"

Mtukufu aligeuka. "Sikudhani ni nani?"

Mzee aliita tena, "Sikudhani! Mwanangu!" na hapo Sikudhani hakuweza kukaa. Alilisukuma lile komeo bovu, mlango ukafunguka, akatoka kwenye korido, akaingia sebuleni miguu mitupu, akasimama kati ya Mtukufu na kioo.

Kamera za dirisha huyafuata macho yaliyo karibu zaidi. Zilimwacha Mtukufu zikamshika yeye, na nchi yote ikageuka na kujipanga kulingana na mahali aliposimama. Baba yake akawa mbele yake kabisa, ukubwa wa mtu, mvi zake, shati lake lenye rangi ya mabango ya zamani, mguu uliofungwa kitambaa. Sikudhani alinyoosha mkono akagusa kioo.

"Ni mimi," alisema. Alimgeukia Mtukufu, machozi yanamtiririka. "Sikudhani ni mimi, Mtukufu. Yule ni baba yangu. Yupo. Kitopeni ipo, iko hapo chini ya kilima chako. Anaumwa mguu. Naomba daktari aende."

Mtukufu alimtazama, ametoa macho. Kisha akaanza kutabasamu.

"Profesa," alisema, "mmefika mbali. Sasa zinatoka mpaka nje ya kioo!" Alimzunguka Sikudhani taratibu. "Machozi mmeyaweza. Tazama yanavyoshuka. Huyu ana pembetatu ngapi?"

"Nyingi sana, Mtukufu," alisema Profesa Kilemile kwa sauti ya mtu anayeteleza.

Mtukufu alinyoosha mkono, akamshika Sikudhani shavu. Aliutoa mkono haraka kama aliyegusa birika. Rangi ilimbadilika. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi alionekana ameogopa, na waliokuwepo walisema kwamba uso wake ulikuwa wa mtu anayejiandaa kuuliza swali.

"Ina joto," alisema.

Kuku mmoja alilia spikani.

"Ni joto la mashine, Mtukufu," alisema Profesa Kilemile.

Mtukufu aliwatazama mawaziri mmoja mmoja, na wote wakaitikia kwa vichwa. Akashusha pumzi. Alijifuta mkono kwenye suruali, akarudi kitini.

"Basi ipatieni feni," alisema.

Sikudhani alikuwa anafungua mdomo aseme tena, lakini alisikia sauti za bondeni zimeanza kukatika. Aligeuka. Dakika zilikuwa zimepita, meza ilikuwa haina mtu. Moshi wa Kitopeni ulikuwa umesimama hewani kama jiwe. Baba yake alikuwa ameganda, fimbo juu, mdomo nusu wazi, neno limemkwama kati ya meno.

"Imekufa?" aliuliza Mtukufu. "Kama imekufa, nirudishieni uwanda wangu."

Profesa Kilemile alimtazama Sikudhani, wala hakuita askari. Hapakuwa na haja. Sikudhani alishakwenda. Alikimbia kwenye korido, akaufunga mlango kwa mkono wake mwenyewe, akaketi mezani na vidole vikaanza kazi. Moshi ukapanda. Kuku wakalia. Mzee Chilumba, ambaye bondeni kwake hakuwa ameganda hata kidogo, alikuwa amerudia wito wake mara nne, na sasa, kwenye spika za sebule na kwenye kijispika kidogo cha mezani, yale maneno mafupi ya kila siku yalifika mpaka mwisho.

"Sikudhani! Mwanangu! Umekula?"

Sebuleni watu walicheka, kwa kuwa Mtukufu alicheka kwanza. Bondeni mzee alisimama bado juu ya jiwe, ameelekeza sikio kilimani, kama alivyokuwa akifanya kila siku kabla ya kushuka.

"Nimekula, Baba," alisema Sikudhani, na vidole vyake havikuacha kuchora.